Naombeni ushauri: kibali cha umwagiliaji, mto ubakiziwe lita ngapi?

Mpima Mto
Wakuu, habari za jioni. Ni mhandisi wa rasilimali za maji kwenye bodi ya bonde, nyanda za juu kusini. Wakulima wa mpunga wameomba kibali cha lita 150 kwa sekunde, maji ya mserereko kwa bomba la inchi 8. Nimepima mto, una lita 640 kwa sekunde. Wakichukua zao zinabaki 490. Ripoti inatakiwa Ijumaa na roho haitulii. Mto ubakiziwe kiasi gani ili baadaye nisilaumiwe?

Geji Sifuri
Ulipima mwezi gani, kwa kifaa gani, na mistari mingapi ya kupimia kukatiza mto? Hizo 640 peke yake hazisemi kitu.

Mwana Usangu
Mambo ya namna hii ndiyo yaliyoiua Ruaha Mkuu. Tangu 1993 mto unakatika hifadhini kiangazi. Mpunga umeshavunwa lakini mabanio, yaani kuta za kuchepushia maji mtoni, yanaendelea kuvuta, maji yanaishia kwenye majaruba yasiyo na zao na kupotea kwa mvuke. Maji ya kinamasi cha Ihefu yakishuka chini ya mwamba wa Ng'iriama, pale yanapotokea, hakuna kinachotoka. Viboko wanabanana kwenye matope, na bwawa la Mtera huko chini linangoja. Injinia, kalamu yako ni dhamana mbele ya watu na mbele ya Mungu.

Mpima Mto
Asante ndugu kwa mawaidha. Geji, nimetumia mita ya mkondo, mistari 12 kwenye upana wa mita 6. Maji hayakufika kina cha sm 75, kwa hiyo kasi nimeisoma sehemu moja, 0.6 ya kina kutoka juu. Hakuna kipande kilichobeba zaidi ya asilimia 10 ya maji yote. Kipimo ni safi.

Geji Sifuri
Usafi sijauliza. Nimeuliza mwezi.

Mpima Mto
Aprili. Oktoba geji ya mtoni, ule ubao wa kusomea kina, inaonyesha kina ambacho kwenye grafu yetu ni lita 180. Ila nimeshaweka sharti: kiangazi wafunge valvu usiku, mto upumue. Hawa ni wakulima wadogo, siwezi kuwaambia wasubiri mpaka mwakani.

Wa Tana
Sharti la usiku halilindi mto. Nani atakuwa pale saa nane usiku kuhakikisha valvu imefungwa? Isitoshe, maji yakishuka mchana na kupanda usiku, samaki wachanga wanaachwa kwenye changarawe kavu. Huku Kenya kanuni za 2007 zilitaka akiba ya mto isipungue Q95, yaani mtiririko unaofikiwa au kupitwa asilimia 95 ya wakati. Chukua mtiririko wa kila siku wa miaka mingi uliyo nayo, upange kutoka mkubwa hadi mdogo, usome hapo kwenye 95. Kama kuna banio upande wa juu wa mto kabla ya geji, rudishia kwanza kiasi linachochukua, la sivyo utaandika mto mdogo kuliko ulivyo. Kipimo kimoja cha masika hakiwezi kubeba uamuzi huu. Na chini ya banio hakuna wenye vibali?

Mpima Mto
Wapo, jumla lita 60. Q95 inatoka kama 100.

Geji Sifuri
Basi Oktoba ni 180, toa 100, toa 60. Zimebaki 20, na wao wanataka 150.

Fundi Zege
Hii ni chai. Bomba la inchi 8 lina eneo la mita za mraba 0.032. Lipitishe lita 150, maji yatakimbia mita 4.6 kwa sekunde. Kwa mserereko wa mashambani ukipata mita 1.5 shukuru, nazo ni kama lita 50. Mhandisi wa maji asijue hilo? Mods, futeni uzi.

Mwana Usangu
Kumbe! Nami nilijiuliza bomba gani hilo.

Mpima Mto
Si chai. Bomba limeshalazwa, na kweli linapitisha 50. Nyingine zinapita kwenye mfereji wa udongo waliouchimba kando. Banio lilimwagwa zege kabla hawajaomba kibali. Rasimu ya kupendekeza 150 nimeshaipeleka kwa mkuu wangu. Lakini kuvunja banio ni kuwaumiza watu, ndiyo maana naona sharti la usiku lina nafuu kwa wote.

Geji Sifuri
Hilo ungelisema mwanzo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inataka kibali kitangulie. Iondoe rasimu kwa barua leo, ambatisha kumbukumbu za kiangazi, andika wazi kwamba banio lipo na linavuta. Pendekeza kibali cha msimu: 150 wakati wa masika, kiangazi kinachobaki baada ya 160 za mto na za wenye vibali vya chini.

Fundi Zege
Kama ndivyo, banio halivunjwi, linakatwa. Toboa pengo la mstatili kwenye ukuta, upana sm 75, mdomo wake uwe wa bati la chuma lenye ncha. Maji yakisimama sm 25 juu ya mdomo yanapita lita 160: 1.84 × (0.75 − 0.05) × 0.25 kwa kipeo cha 1.5. Mbele ya bomba jenga chemba, kizingiti chake kiwe sm 25 juu ya mdomo wa pengo. Hapo mto unakunywa kwanza. Mfereji wa udongo uzibwe kwa zege, viroba watavitoa.

Usiache mifereji ya kuchomekea mbao pembeni mwa pengo, wataziba. Maji yaliyoshapita pengo yabaki chini ya usawa wa mdomo, yakipanda hesabu inaharibika. Geji iwe mita moja kabla ya pengo, upande maji yanakotoka, sifuri yake usawa wa mdomo, pima kwa mpira wa maji. Jumuiya ya watumia maji isome kila asubuhi. Ikisoma chini ya 25 na bomba lina maji, kizingiti kimechokonolewa. Ikisoma juu sana na mto chini umekauka, kuna viroba kwenye pengo.