Hita ya kuogea: nibaki na umeme au nihamie gesi? (Njombe)

Kipepeo_Njombe
Wakuu, poleni na baridi. Nyumbani tuko sita, mabafu mawili, kila moja na shawa hita ya umeme. Januari umeme wa LUKU haukufika 60,000. Juni umekula 118,000! Shemeji anasema nizing'oe zote, niweke hita moja ya gesi na mtungi wa kilo 15. Huku kujaza ni 58,000. Nifanyeje?

Fundi_Waya
Mkuu, tupige hesabu. Lita 30 za kuoga, ukizipandisha nyuzi 25, zinakula karibu uniti 0.87. Watu sita kwa siku 30 ni uniti 157. Kwa bei ya kama 356 kwa uniti, hiyo ni 56,000, yaani karibu tofauti yako yote ya Januari na Juni.
Sasa gesi. Kilo 15 zina nishati ya uniti 190 hivi, nyingine inapotea na moshi, maji yanapata kama 155. Kwa hiyo mtungi mmoja kila mwezi: 58,000. Umehama na hujaokoa hata mia, na hita yenyewe bado hujainunua.

Mama_Wawili
Fundi, hesabu zako nzuri, ila umeme ukikatika saa kumi na moja alfajiri na watoto wanatakiwa shule, utawaogesha kwa hesabu? Mimi nipo Makambako, nina ya gesi mwaka wa pili. Inajiwasha kwa betri za tochi. Kero yake ni gesi kuisha ukiwa na povu kichwani, ndiyo maana naweka mtungi wa pili wa akiba.

Babu_Bomba
Vijana, hamjataja la muhimu. Hita ya gesi HAIFUNGWI ndani ya bafu. Ikikosa hewa ya kutosha inatoa kaboni monoksaidi, sumu isiyo na harufu, mtu anaishiwa nguvu hukohuko anakooga. Funga ukutani nje, mtungi nao ukae nje, maana gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na ikivuja inatulia chini.
Jingine: simtanki lako liko juu kiasi gani? Hita nyingi za gesi haziwaki presha ya maji ikiwa ndogo. Mita mbili tatu juu ya shawa angalau.

Jua_Kali
Mnaonaje sola? Nimekaa pale.

Mama_Wawili
Jua_Kali, kwa ukungu wa Julai? Labda lisaidiane na umeme.

Kipepeo_Njombe
Asanteni sana. Babu, simtanki liko usawa wa dari, nimetoka kuliangalia sasa hivi. Basi naanza na mnara wa kulinyanyua. Bafu la watoto litapata gesi, letu linabaki na umeme. Fundi, waya wa hita yetu ni 2.5mm na unapata moto tukioga mfululizo. Ni kawaida?

Fundi_Waya
Si kawaida! Hita ya wati 5,500 inavuta kama ampea 24. Zima leo, vuta waya wa 4mm wenye swichi yake peke yake. Gesi itasubiri.