Bibi ana usahaulifu, ndugu yake amekubali: nichukue dole gumba?

Mdodosaji_Newala
Shikamooni wakubwa. Nakusanya takwimu za utafiti wa afya ya wazee huku Newala. Jana saa kumi na moja jioni nilimkuta bibi mmoja chini ya mkorosho, anabangua korosho. Umri wake haujui, ila Operesheni Vijiji ya 1974, ile ya kuhamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, ilimkuta na watoto wanne. Nikamsomea fomu ya ridhaa, kurasa tatu. Akaitikia "eeh, eeh" mpaka mwisho. Nilipomuuliza nimefuata nini, akasema nimeleta hela za TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini.

Mdogo wake wa kiume, mjomba wa watoto wote pale nyumbani, akaniambia, "Wewe weka dole tu, msemaji ni mimi." Nikafungua pedi ya wino. Bibi akarudisha mkono ndani ya khanga. Nikafunga begi, nikaaga. Sasa msimamizi anadai dodoso la bibi. Nifanyeje?

Nesi_Nachingwea
Ulifanya vema kuondoka, mdogo wangu. Mkono ukishaingia kwenye khanga, umejibiwa. Azimio la Helsinki, mwongozo wa madaktari duniani wa maadili ya utafiti kwa binadamu, linasema hata mwakilishi wa kisheria akikubali, mshiriki mwenyewe akionyesha kukataa aheshimiwe. Tena wazee wetu wameona mashamba ya mikorosho yakiondoka kwa dole. Wino unawatisha, na wana sababu.

Ila usimhukumu kwamba hana akili ya kuamua. Kusahau mwaka ni jambo moja, kuamua ni jingine. Angalia kama anaelewa unachoomba, anajua kinamhusu yeye, anaweza kupima faida na hatari, na anachagua bila kuyumba. Kurasa tatu za Kiswahili cha ofisini zingemshinda hata kijana! Rudi asubuhi, maana jioni wengi wao huchanganyikiwa zaidi. Mweleze jambo moja kwa Kimakonde, nyamaza, akurudishie kwa maneno yake, ndipo uendelee.

Mzee_wa_Mikindani
Nimewahi kukaa kwenye kamati ya maadili ya utafiti. Usijiamulie kijijini. Soma itifaki, yaani mpango wa utafiti wenu uliopitishwa na kamati, inasemaje kuhusu mtu asiyeweza kuridhia. Kama haisemi, mtafiti mkuu aombe marekebisho kwanza. Kwa asiyejua kusoma awepo shahidi asiye wa timu yenu. Na huyo mjomba, kama itifaki inamtambua, asiulizwe yeye anataka nini. Aulizwe dada yake angetaka nini. Mimi ningemsikiliza zaidi anayemwogesha na kumlisha.

Mdodosaji_Newala
Asanteni sana. Nilimpigia mtafiti mkuu: itifaki inaruhusu shahidi, na ridhaa ya kutolewa damu ya kupima inaombwa peke yake, mbali na ya maswali. Leo saa mbili asubuhi nimerudi. Binti yake alitafsiri, mwalimu jirani akawa shahidi. Nilianza na la hela: hakuna. Bibi akacheka, akasema, "Basi unataka kuniuliza niliyoyasahau, uandike, uende zako." Nikamwambia ndivyo, na akichoka tunaacha. Akakubali maswali. Nilipomweleza sindano, akatikisa kichwa: damu hapana. Mjomba akaanza kumbembeleza, nikamwomba kwa heshima amwache.

Kwa maswali alichovya kidole mwenyewe, akakifuta kwenye jani la mkorosho. Tulifika swali la kumi na nne akasema amechoka, nikaishia hapo. Kwenye damu nimeandika amekataa. Msimamizi nimeshamwambia dodoso la bibi ndilo hilo.