Gonna, gotta, wanna: zifundishwe darasani au ziachwe mtaani?

Wakuu, leo nataka tubishane kidogo. Walimu wengi wa Kiingereza wanasema hizi gonna, gotta na wanna ni uhuni wa kwenye muvi, mtoto asizisogelee. Mi napinga.

Mi ni dereva wa watalii hapa Arusha. Kuna mgeni alinambia kwenye simu "we gotta leave at six", mi nkasikia gonna, na gonna ni going to iliyobanwa, yani mpango tu, basi nkajua wanawaza kuondoka kwenye saa kumi na mbili hivi, nkatokea na nusu chapati mkononi. Kumbe gotta ni got to, lazima, wana ndege ya kuwahi! Nlimkuta kakaa juu ya begi getini, salamu yangu hakuitikia. Na Mmarekani hiyo t haitamki vizuri, inatoka kama "gada", sasa we utajuaje kama hujawahi kufundishwa?

Halafu zina sheria zake, si za kubwatuka tu. Madereva wenzangu wanasema "I'm gonna Moshi". Hapana, gonna lazima ifuatwe na kitendo, ukienda mahali ni "I'm going to Moshi" basi. Wanna nayo, yani want to iliyobanwa, ina visa vyake, "who do you wanna see" sawa kabisa, ila "who do you want to drive us" hawaibani, maana hapo anayeendesha ni huyo who, sio you. Mwenye lugha yake hakosei hapo hata kama shule hajaenda.

Mnaosema lugha ikibanwa imeharibika, hebu angalieni "nitaenda". Ile "ta" ni "taka" iliyobanwa zamani, ndo maana kwenye "atakayekuja" taka nzima bado imo. Mbona hiyo tunaiita sanifu na mwalimu anaweka tiki?

Sijasema mtoto aandike gonna kwenye insha, akiandika akatwe maksi ni sawa, hata kamusi ya Oxford inaziweka ila inasema si rasmi. Nachosema afundishwe kuzisikia na kuzitofautisha, vipindi viwili tu vinatosha. Wa "ataziokota mtaani" naomba mnijibu, mtaa upi huo? Wa kwetu huku tunaongea Kiswahili na Kichaga.