Mlioanzia komyuniti koleji Marekani kabla ya kuhamia chuo kikuu, tupeane uzoefu

Mama Kulwa: Wakuu, salaam. Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita, PCM. Shangazi yetu wa Dallas yuko tayari kumpokea, anataka aanzie komyuniti koleji, yaani chuo cha umma cha miaka miwili ya mwanzo, halafu ahamie chuo kikuu amalizie uhandisi. Mzee hapa nyumbani hataki hata kusikia, anasema koleji ni ya waliofeli. Mliopita njia hiyo semeni, hasa yale ambayo mawakala hawayasemi.

Kijana wa Irving: Dada, mwambie mzee atulie. Cheti cha shahada kinatoka chuo kikuu, koleji haitajwi humo. Texas tuna nafuu moja: kozi za msingi za koleji za umma zina namba moja jimbo zima. ENGL 1301 ya Dallas ndiyo ENGL 1301 ya Houston. Ila ile ada ndogo anayoisimulia shangazi ni ya wakazi. Akija na viza ya F-1, ile ya wanafunzi, atalipa zaidi, abebe angalau krediti 12 (vipimo vya uzito wa kozi) kila muhula, na katika hizo kozi ya mtandaoni inahesabiwa moja tu. Kazi ni ndani ya chuo, mwisho saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Asije na ndoto za kulipa ada kwa kubeba boksi.

Fundi Mitambo: Mimi naongelea krediti, maana ndizo zilizonichelewesha. Barua ya chuo kikuu ilisema wamepokea krediti zangu zote, nikapiga simu Mwanza tukashangilia. Siku ya kukaa na mshauri wa idara, akanigeuzia kioo cha kompyuta. Fizikia yangu ya koleji, ambayo haikuwa na kalkulasi (calculus), ilikuwa imetupwa kwenye kozi za hiari. Imo kwenye jumla, ila shahada ya umakanika haina kazi nayo. Bila fizikia yenye kalkulasi husajiliwi statiki (kozi ya nguvu kwenye vitu vilivyotulia), bila statiki hugusi dainamiki (ya vitu vinavyotembea), basi foleni nzima ikarudi nyuma. Na koleji waliniapia kwamba kozi hiyo "inahama". Kuhama ilihama kweli!

Kozi yangu ya programu za kompyuta nayo walikuwa wameikataa, lakini niliwapelekea silabasi yenye mada za kila wiki wakaikubali. Asitupe silabasi hata moja.

Mpwani Oakland: California hayo ya Fundi unayaona mapema. Kuna tovuti ya ASSIST, unachagua koleji yako, chuo unachokitaka na fani, inakuonyesha kozi ipi inasimama badala ya ipi. Pia kuna TAG, ahadi ya nafasi ukitimiza alama na kozi, maombi yake ni Septemba. Vyuo vya UC (Chuo Kikuu cha California) vinavyotoa ahadi hiyo ni sita: Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz. Berkeley, UCLA na San Diego hawamo, huko unashindana tu.

Papa wa Uvira: Miye nilitokea kambini Nyarugusu, tukafika Kentucky kama wakimbizi. Kwetu hesabu ni nyingine kabisa, mkimbizi anapata Pell, ruzuku ya masomo ya serikali, na ada ya koleji karibu yote ililipwa. Lakini Pell ina mwisho: mihula 12 ya kusoma kwa muda wote (full-time), maisha yako yote. Wenzangu waliikula kwenye madarasa ya Kiingereza na kubadilisha fani, walipofika chuo kikuu ikawaishia njiani. Kiingereza nilikisoma kwanza kwenye madarasa ya bure ya watu wazima.

Mama Kulwa: Asanteni sana. Mzee nimemsomea, kwenye kubeba boksi kacheka. Kijana anataka uhandisi ujenzi, UT Arlington. Sasa hiyo fizikia, pale Dallas achukue ipi?

Kijana wa Irving: PHYS 2425, ndiyo yenye kalkulasi. Wakimpangia PHYS 1401, isiyo na kalkulasi, akatae.