Mwamuzi akikosea saa, je, mchezo urudiwe?

Msafiri wa Ubungo:
Ndugu zangu, ninaomba tuijadili kwa utulivu hoja moja inayonirudia kila ninapomwona mwamuzi akitazama mkono wake. Tarehe 12 Januari 2022, mjini Limbe, Cameroon, mwamuzi Janny Sikazwe wa Zambia alipuliza kipyenga cha mwisho cha mchezo wa Tunisia na Mali katika Kombe la Mataifa ya Afrika ikiwa ni dakika ya 85. Akazongwa, akauendeleza mchezo, kisha akaumaliza kabisa sekunde kadhaa kabla ya dakika ya 90 kutimia, bila kuongeza hata dakika moja, ingawa kipindi hicho cha pili kilikuwa kimeshuhudia penalti mbili, mapumziko ya kunywa maji, kadi nyekundu na safari ya kwenda kuangalia VAR, yaani video ya kumsaidia mwamuzi. Mali ilikuwa mbele 1-0, Tunisia ikalalamika rasmi, na CAF, shirikisho la soka Afrika, ikayatupa malalamiko hayo. Swali langu ni hili: je, kosa la saa ni sawa na kosa la macho? Kuotea na kunawa ni mambo ambayo watu wawili waadilifu wanaweza kuyaona tofauti, lakini dakika 90 hazina maoni. Ninaona kwamba dakika zikiibwa namna ile, mchezo urudiwe.

Bibi Pangani:
Mwanangu Msafiri, hoja yako ni nzuri, lakini neno "zikiibwa" limenikera, na ndilo nitakalolijibu kwanza. Mwizi hukusudia. Yule bwana alieleza baadaye kwamba joto lilimzidi akapoteza fahamu za mahali alipo, na mchezo ulichezwa mchana, pwani ya Cameroon, katika hali ya hewa ambayo sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa. Isitoshe, unasimulia nusu ya kisa. Timu ziliitwa kurudi uwanjani zimalizie dakika zilizobaki, na mwamuzi wa akiba ndiye aliyetakiwa kushika kipyenga. Mali walitoka, Tunisia wakabaki chumbani. Anayekataa kurudishiwa kilichopotea atalilia nini tena?

Kijana wa Morogoro:
Bibi, shikamoo. Nikumbukavyo, alipuliza mara ya kwanza dakika ya 80, na Tunisia walikuwa wameshapanda basi. Kwa hali hiyo sioni ni nani angekubali kurudi. Halafu mwamuzi huyo huyo akapelekwa Kombe la Dunia mwaka ule ule! Kazini kwetu ukifunga duka saa moja kabla ya wakati, kesho yake hupewi tawi kubwa zaidi.

Msafiri wa Ubungo:
Ndugu Kijana, ilikuwa dakika ya 85, na basi hilo ni la kwako. Kocha wao, Mondher Kebaier, alisema wachezaji walikuwa wameshaingia kwenye maji ya barafu. Bibi, marahaba ya kijana nakuachia wewe, lakini kumwita mtu aliyekwishapoa misuli arudi kukimbia si kumrudishia kilichopotea. Kuhusu Kombe la Dunia ni kweli, alichezesha Ubelgiji na Canada huko Qatar, Novemba 2022.

Mnyama Asilia:
Mimi nimesoma kimya, nikajiuliza kwa nini maumivu ya Tunisia yanawasumbua watu wa Dar es Salaam. Kisha nikakumbuka kwamba wanaolilia dakika za Limbe ndio wale wale wanaoendelea kulilia goli la Yanga kule Pretoria. Tunisia wenyewe walifungwa na Gambia katika kundi hilo hilo, wakapenya wakiwa wa tatu, wakaitoa Nigeria hatua ya 16 bora, na sijasikia wakiomboleza kama wanavyoomboleza majirani zetu wa Jangwani.

Mwananchi Halisi:
Nilikuwa sina nia ya kuchangia, lakini kwa kuwa nimechokozwa nitasema, na nitasema kwa urefu. Tarehe 5 Aprili 2024, tukirudiana na Mamelodi Sundowns katika Ligi ya Mabingwa Afrika, uwanja wa Loftus Versfeld, Pretoria, Aziz Ki wetu alipiga shuti ambalo liligonga mtambaa panya, likadunda chini, likatoka. Kila aliyekuwa na macho na runinga aliuona mpira umevuka mstari. Mwamuzi hakuisogelea runinga ile ya pembeni, chumba cha VAR nacho hakikumwita, mchezo ukaisha 0-0 kama ule wa Dar es Salaam, tukatolewa kwa matuta 3-2. Sasa mtu anakuja hapa kufananisha jambo hilo na kilio cha mtoto aliyenyimwa andazi! Ndugu Mnyama, timu yako ilikuwa wapi siku hiyo? Yale ya nani anamiliki klabu gani ninayaacha kwa makusudi, kwa sababu umiliki si ushahidi na mimi si mtu wa kuzusha, lakini msituambie tunyamaze.

Mnyama Asilia:
Kaka, hasira zako zimethibitisha hoja yangu kuliko ambavyo ningeweza mimi. Na kwa kuwa mjadala ni wa saa, ninaomba kukukumbusha tarehe 8 Mei 2021, pale watani wa jadi, Simba na Yanga, walipopangiwa kucheza saa kumi na moja jioni, muda ukasogezwa hadi saa moja usiku, na timu fulani ikafika kwa saa yake, ikapasha misuli, ikaondoka. Labda leo ungetufafanulia ni dakika ngapi za nyongeza zilistahili siku ile.

Mwananchi Halisi:
Siku ile tulifuata muda uliokuwa umetangazwa, na msimamo wa klabu ulikuwa kwamba mabadiliko ya saa hayawezi kufanywa siku ile ile ya mchezo. Aliyekuja kwa wakati ndiye anayetaniwa, aliyebadilisha wakati hatajwi. Hii ndiyo nchi yetu.

Bibi Pangani:
Wajukuu zangu, mwenye mada ameuliza kuhusu mwamuzi anayekosea saa, nanyi mmehamia Kariakoo. Hata hivyo ninamuuliza Mwananchi: kule Pretoria kosa lilikuwa la macho, si la saa. Kwa kipimo cha Msafiri, wewe hustahili kurudiwa mchezo. Unakubali?

Mwananchi Halisi:
Sikubali, Bibi, na kwa heshima zote sikubaliani na kipimo chenyewe. Mpira kuvuka mstari si maoni kama ambavyo dakika ya 85 si maoni. Ama umevuka wote au haujavuka. Kinachotofautisha ni kwamba saa kila mtu anayo mkononi, ilhali teknolojia ya mstari wa goli siku ile haikuwepo. Kosa likiwa la ukweli, likubaliwe kuwa la ukweli, haijalishi limepimwa kwa saa au kwa mstari.

Refa Mstaafu:
Nimechezesha daraja la tatu na mabonanza kwa miaka kumi na moja, sikufika mbali zaidi ya hapo, lakini kuhusu saa nina la kusema, kwa maana hapa wengi mnazungumza kana kwamba saa ni kitu kinachojiendesha chenyewe. Mwamuzi makini huvaa saa mbili. Ya kwanza huanza na kipyenga cha kwanza na haiguswi hadi dakika 45 zitimie. Ya pili ndiyo inayosimamishwa mchezaji akilala chini, ikaendelea mpira ukirudi kuchezwa, na tofauti ya hizo mbili ndiyo muda unaofidia. Hatari yote imejificha katika ile ya pili. Mtu ameumia, unaisimamisha. Unamwita mganga, machela inaingia, nahodha anakuvuta bega akitaka kadi, kocha anapiga kelele, mshika kibendera anakuonyesha ishara ambayo huielewi, mnarudi kucheza, na kidole hakijabonyeza. Ukija kuitazama tena imelala pale pale ulipoiacha.

Nilikumbwa na hilo katika mechi moja ya wilaya ambayo sitaitaja, siku ambayo saa yangu ya kwanza ilikuwa imekufa betri nikaamua kwamba moja itatosha. Ndiyo maana simcheki Sikazwe. Yeye alikuwa na wasaidizi wenye vifaa vya masikioni, mimi nilikuwa na mshika kibendera mmoja aliyekuwa binamu wa golikipa.

Kuhusu sheria, Sheria ya 7 ya soka inasema mwamuzi ndiye anayeamua muda unaofidiwa, ule unaoonyeshwa kwenye ubao ni wa chini kabisa, unaweza kuongezwa lakini haupunguzwi. Na kuna kifungu ambacho wengi hawakijui: kama amekosea saa katika kipindi cha kwanza, haruhusiwi kulipia kosa hilo kwa kurefusha au kufupisha kipindi cha pili. Yaani watunga sheria walijua kabisa kwamba saa itakosewa, na wakaamua kosa likae pale lilipotokea.

Bibi Pangani:
Na hiyo mechi ya wilaya iliishaje?

Kijana wa Morogoro:
Mzee, kisa cha binamu wa golikipa kimenifanya nicheke peke yangu kwenye daladala. Ila kuhusu Pretoria ninamuunga mkono Mwananchi, na mimi si Yanga. Hata Uingereza, kwenye vifaa vyote vile, Septemba 30, 2023, Luis Díaz wa Liverpool alifunga goli halali dhidi ya Tottenham, likakataliwa kwa kuotea, na aliyekaa kwenye VAR akaliona kuwa halali lakini akadhani uwanjani limekubaliwa, akasema ukaguzi umekamilika. Walipogundua, mpira ulikuwa umeshaanza kuchezwa. Liverpool wakafungwa 2-1. Wasimamizi wa waamuzi waliomba radhi, na radhi haina pointi.

Mwanasheria wa Kizingo:
Ninaandika kutoka Mombasa, na sina timu katika ugomvi wenu wa Kariakoo, jambo ambalo nadhani linanipa nafasi ya kupumua. Mnachanganya mambo matatu. Uamuzi wa mwamuzi juu ya tukio la mchezo ni wa mwisho, na hapo ndipo Pretoria inapoangukia, upende usipende. Kutumia sheria visivyo ni jambo jingine, na huko mchezo umewahi kufutwa: Septemba 2005, Uzbekistan dhidi ya Bahrain katika mchujo wa kufuzu Kombe la Dunia, Wazbeki walifunga penalti, mwenzao akawa ameingia ndani ya eneo mapema, na badala ya kuamuru irudiwe, mwamuzi aliwapa Bahrain mpira wa adhabu. Uzbekistan, walioshinda 1-0, ndio waliolalamika, wakitaka ushindi wa 3-0. FIFA ikafuta mchezo wote. Uliporudiwa ukaisha 1-1, wa marudiano huko Bahrain 0-0, na Uzbekistan wakatolewa kwa goli la ugenini. Ndugu Msafiri, ukidai mchezo urudiwe, hakikisha kwanza unajua utapewa nini.

Jambo la tatu ni udanganyifu. Afrika Kusini na Senegal, Novemba 2016, ilitolewa penalti ya kunawa ilhali mpira ulimgonga Koulibaly wa Senegal gotini. Mwamuzi, Joseph Lamptey wa Ghana, alifungiwa maisha na mchezo ukarudiwa mwaka mmoja baadaye, Senegal ikashinda 2-0. Hapo hawakuangalia kosa ni la macho au la saa, waliangalia mkono uliokuwa nyuma yake.

Msafiri wa Ubungo:
Nimekuelewa, wakili, lakini hukuniambia kosa la saa linaingia katika fungu lipi. Si uamuzi juu ya tukio, kwa sababu hakuna tukio. Na udanganyifu sijaudai.

Mwanasheria wa Kizingo:
Kwa maoni yangu linakaribia fungu la pili, na dawa yake ya zamani haijawahi kuwa kurudia mchezo wote bali kumalizia uliobaki. Mwaka 1930, katika Kombe la Dunia la kwanza pale Montevideo, mwamuzi Almeida Rêgo wa Brazil aliumaliza mchezo wa Argentina na Ufaransa dakika ya 84, wakati Langiller wa Ufaransa akiwa anakimbilia goli, Argentina ikiongoza 1-0. Wafaransa walipozua rabsha, wachezaji waliitwa tena, dakika zikamaliziwa, na matokeo hayakubadilika. Limbe walijaribu jambo lile lile miaka 92 baadaye. Kwa hiyo ninarudi kwa Bibi: waliokataa kutoka chumbani ndio walioiua kesi yao.

Mnyama Asilia:
Wakili, nimependa hapo penye "upende usipende". Naomba ulirudie kwa herufi kubwa.

Mwananchi Halisi:
Na mimi naomba ikumbukwe aliyevamia mada ni nani.

Msafiri wa Ubungo:
Basi nibadilishe ombi langu. Kama kurudia mchezo kunaleta balaa la Wazbeki, na kumalizia dakika kunategemea nani hajaoga, kwa nini saa isiondolewe kabisa mkononi mwa mwamuzi? Futsal, soka la ndani, wana mtunza muda mezani, vipindi viwili vya dakika 20, saa inasimama mpira ukitoka, na kila mtu anaiona ukutani. IFAB, watunga sheria za soka, nao waliwahi kuliweka mezani mwaka 2017 wazo la vipindi vya dakika 30 za mpira unaochezwa kweli, lakini halikupita. Kwenye Kombe la Dunia la Qatar walichofanya ni kuongeza tu: mchezo wa Uingereza na Iran, kipindi cha kwanza peke yake kiliongezwa dakika 14.

Kijana wa Morogoro:
Na mechi zetu za mkoa nani ataweka hiyo saa ukutani wakati hata ukuta hakuna? Sheria ni moja kutoka Wembley hadi uwanja wetu wenye mbuzi.

Refa Mstaafu:
Kijana amesema kweli, ingawa mimi ningeikubali saa ya mezani hata kama mezani angekaa binamu. Uzito wa kipyenga unatosha.

Bibi, uliniuliza nikapitwa, unisamehe. Iliisha 2-2. Wageni walisawazisha, na kwa hesabu niliyoifanya usiku ule nikiwa kitandani, nilipaswa kuwa nimeshapuliza kama dakika nne kabla ya goli lile. Kwenye ripoti niliandika kwamba muda ulifidiwa kwa ajili ya majeruhi, na majeruhi alikuwepo kweli. Kamisaa alitia saini. Wenyeji walinung'unika kidogo kuhusu kona iliyozaa goli, wakidai haikuwa kona, na kuhusu muda hawakusema neno, kwa kuwa uwanja mzima mwenye saa nilikuwa mimi.