Mrejesho: Morris Minor imeacha moshi, oili bado inavuja

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nilikuulizeni kuhusu gari ya marehemu baba, Morris Minor, injini ya cc 1098, ilivyokuwa ikitoa moshi wa buluu na kushindwa vilima vya Pemba. Aliyenambia nipime kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda), kisha nitie oili kidogo kwenye silinda na nipime tena, Mungu amlipe kheri: kipimo kilipanda, basi ringi za pistoni, zinazoziba pengo baina ya pistoni na silinda, ndizo zilizokwisha. Fundi wa Chake akachonga silinda, tukafunga pistoni za ovasaizi (kubwa kidogo kuliko za asili) na ringi mpya, na nafasi ya tapeti za valvu tukaiweka inchi 0.012. Moshi hakuna, na vilima inapanda vizuri mno!

Gasketi ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) niliyoshauriwa haikuzuia oili kuvuja nyuma ya injini. Kranki (shafti inayozungushwa na pistoni) ya injini hii haina sili ya mpira huko, ina mifereji tu ya kurudisha oili. Nitaendelea kuongeza oili. Ahsanteni sana.