Kinjekitile kanyongwa Agosti 1905, vita vikaisha 1907. Katikati hapo nani alikuwa anaviendesha?

Mwalimu wa Zamu

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha Historia kidato cha tatu, shule ya kata, wanafunzi sabini darasa moja (hilo tuliache). Jana tulikuwa kwenye vita vya Majimaji, vile vya kusini dhidi ya Wajerumani. Nikaandika ubaoni kama nilivyoandikiwa na mimi enzi zangu: kiongozi, Kinjekitile Ngwale, mganga wa Ngarambe; sababu, pamba ya lazima, kodi, viboko vya maakida (wasimamizi waliowekwa na Wajerumani). Binti mmoja wa nyuma kabisa, ambaye huwa hasemi neno, akanyoosha kidole.

"Mwalimu, si umesema Wajerumani walimnyonga Mohoro mwezi wa nane 1905?"

Ndiyo.

"Na vita viliisha 1907?"

Ndiyo.

"Sasa nani aliongoza muda wote huo?"

Nikasema walikuwepo wengine, kwa mfano Songea Mbano kule kwa Wangoni. Akafunua daftari: "Huyo naye umesema alinyongwa 1906." Kengele ndiyo iliyoniokoa.

Naomba msaada kabla ya kipindi kijacho. Historia inaendeshwa na hawa tunaowaandika kwa herufi kubwa, au na wale tunaowafunga kwenye neno moja, "wananchi", tukasonga mbele?

Kiberenge

Mwalimu umepigwa bao na kidato cha tatu 😂 Mnunulie huyo binti daftari jipya. Mimi na kahawa yangu tunasubiri wanahistoria.

Mjukuu wa Kibata

Mwalimu, shikamoo kwanza, maana walimu mnatakiwa kuamkiwa hata mtandaoni.

Mimi ni Mmatumbi, kwetu ni Kibata, Kilwa. Umeanzia Ngarambe, lakini vita vyenyewe havikuanzia Ngarambe. Vilianzia Nandete, milimani kwetu, mwishoni mwa Julai 1905, na vilianzishwa na watu kung'oa pamba. Waliotangulia kung'oa majina yao yapo: Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela. Hawakuwa waganga wala machifu. Waling'oa mashina machache tu kwenye shamba la jumbe, yaani mkuu wa kijiji chini ya Mjerumani, wakijua habari itafika kwa akida wa Kibata na kwamba baada ya hapo hakuna kurudi nyuma.

Nimefanya kazi Bariadi miaka mitatu. Kule msimu ukiisha mashina ya pamba yanang'olewa yachomwe, na siku moja nikajitia kusaidia. Mpamba haung'oki kwa mkono mmoja. Unainama, unaushika karibu kabisa na udongo, unauzungusha kidogo, halafu unavuta kwa kiuno chote. Ukitoka, unatoka na bonge la udongo. Tangu siku hiyo nikisoma "waling'oa pamba" nauona mgongo wa mtu umeinama kwenye shamba la serikali, na anajua kiboko kinamsubiri.

Sasa jambo ambalo binti yako atalipenda. Kinjekitile alikuwa amewaambia watu wangoje. Mchukue maji (ile dawa yake ya kugeuza risasi za Mjerumani kuwa maji), mrudi kwenu, mngoje neno langu. Wamatumbi wakachoka kungoja. Kwa hiyo siku ya vita haikupangwa na yule tunayemwandika ubaoni.

Na maji yenyewe yalisambaaje? Kwetu tunaita *njwiywila*, kunong'onezana. Mtu anamwambia mtu, shemeji anamwambia shemeji, mwaka mzima watu wanamiminika Ngarambe, na Mjerumani anaona wanakwenda kwa mganga, basi.

Mzee wa Hoja

Kijana umeandika vizuri, ila umemwonea Kinjekitile.

Pamba ya jumbe ilianza 1902. Watu waliichukia tangu siku ya kwanza. Mbona hawakuinuka 1903? Na kabla ya hapo Abushiri alipigana pwani, Mkwawa akapigana Uhehe, Machemba akapigana kwa Wayao, kila mtu na vita vyake, Mjerumani akawamaliza mmoja mmoja. Hasira zilikuwepo miaka yote. Kilichokosekana ni neno moja ambalo Mmatumbi, Mngindo, Mpogoro na Mngoni wote wangelikubali. Neno hilo lilitoka Ngarambe, kwa mtu mmoja.

Tazama Mahenge, 30 Agosti 1905. Maelfu ya watu waliiendea boma ya Mjerumani wazi wazi, mbele ya bombomu, bunduki za rashasha. Kinjekitile alikuwa ameshanyongwa wiki kadhaa. Hiyo si nguvu ya mtu mmoja?

Mjukuu wa Kibata

Mzee wangu, hapo kwenye neno moja nakubali, bila maji Wamatumbi wangepigwa peke yao kama Machemba. Lakini wale wa Mahenge wengi wao walimwona Kinjekitile lini? Wao waliwaona mahongo, wale wapeleka maji waliotembea na kibuyu kutoka kijiji hadi kijiji. Wangapi kati ya mahongo hao tunawajua kwa majina?

Halafu kuna waliolipa. Gavana von Götzen alipoona risasi pekee hazitoshi, wakachoma mashamba na maghala. Wajerumani wenyewe walikiri kwamba walikufa watu 75,000, na watafiti wetu wakaja kukadiria zaidi ya 200,000, wengi wao kwa njaa. Bibi yangu, aliyesimuliwa na mama yake, hakuwahi kututajia Kinjekitile hata mara moja. Alikuwa anatutajia ming'oko, vile viazi pori vya porini: nani alijua inachimbwa wapi, nani alificha shimo lake, mtoto yupi alikufa wakati wanachimba. Na ule mpango wa mashamba ya pamba ya jumbe ulifutwa baada ya vita.

Hata hayo majina mawili ya Nandete tunayo kwa sababu 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipelekwa vijijini na madaftari kuwauliza wazee. Wangechelewa miaka kumi, Nandete ingebaki "wananchi".

Mzee wa Hoja

Hapo kwenye madaftari sina ubishi.

Mwalimu wa Zamu

Asanteni sana wakuu. Mzee wa Hoja, swali lako la 1903 nalibeba kama lilivyo, nitawaachia wenyewe wachapane. Mjukuu, nisaidie kitu kimoja: *njwiywila* inatamkwaje? Nisije nikaaibika mara ya pili, maana nasikia yule binti mama yake ni wa Kipatimu, huko huko Umatumbini.